Umeliwa, lakini je, ulikosea? Namna ya kupitia beti za wikendi ya mbio za farasi

Jumatatu asubuhi mtu aliyebeti wikendi nzima huulizwa swali moja tu: umekula au umeliwa? Anatazama salio kwenye simu, anajibu, na mjadala unaishia hapo. Kwenye mbio za farasi swali hilo halitoshi hata kidogo. Wakiingia uwanjani farasi 14, mshindi ni mmoja, kwa hiyo anayejua na asiyejua wote watakosa mara nyingi kuliko watakavyopata. Ukipima kwa salio peke yake utamsifia aliyebahatisha na kumcheka aliyesoma vizuri akanyimwa ushindi na nusu urefu wa farasi.

Kupitia wikendi ni kazi nyingine. Unarudi kwenye kila beti na kuuliza ulijua nini kabla ya lango kufunguka, ulilipia bei gani kwa ulichokijua, na mbio zenyewe zilikwendaje. Ili tusizungumze hewani, nachukua wikendi moja ambayo matokeo yake yanajulikana na kila mtu anaweza kuyakagua: tarehe 2 na 3 Oktoba 2021, uwanja wa Longchamp, Paris. Kila mwaka, Jumapili ya kwanza ya Oktoba, hukimbiwa pale mbio za Prix de l'Arc de Triomphe, kwa kifupi Arc, mita 2,400 kwenye nyasi, na mabingwa wa Ulaya hukutana humo. Mwaka ule mvua ilinyesha, na mvua ndiyo iliyoamua mengi.

Jumamosi: Trueshan na Stradivarius

Mbio kubwa za Jumamosi zilikuwa Prix du Cadran, mita 4,000, za farasi wenye pumzi ndefu. Jina kubwa lilikuwa Stradivarius. Ascot Gold Cup, mbio zenye heshima kuliko zote za masafa marefu nchini Uingereza, alikuwa amezitwaa mara tatu mfululizo, 2018, 2019 na 2020, na mgongoni alikuwa na Frankie Dettori, mpanda farasi ambaye hata wasiofuatilia mchezo huu wamewahi kumsikia. Mpinzani wake alikuwa Trueshan, farasi aliyehasiwa wa mkufunzi Alan King, akipandwa na Hollie Doyle. Ukisoma majina unamchukua Stradivarius. Ukisoma fomu, yaani rekodi ya mbio zao za nyuma, unaanza kusita.

Oktoba 2020 wawili hao walikutana Ascot kwenye uwanja uliolowa. Trueshan alishinda kwa mbali, Stradivarius akaachwa nyuma sana. Juni 2021 Trueshan akaondolewa kwenye Gold Cup kwa sababu ardhi ilikuwa kavu mno kwake. Mwezi uliofuata kule Goodwood ikawa kinyume chake: mvua ilinyesha, waliomsimamia Stradivarius wakamtoa, Trueshan akakimbia na kushinda. Hizo mbio ambazo farasi hakukimbia zina habari nyingi kuliko watu wanavyodhani. Mkufunzi anaweza kuwaambia waandishi lolote, lakini anapomwondoa farasi kwenye mbio za heshima kubwa kwa ajili ya hali ya ardhi, hapo amesema kweli.

Lakini pana mtego. Gold Cup ya 2020 Stradivarius aliitwaa kwa tofauti ya urefu wa farasi 10, na rekodi za siku hiyo zinasema uwanja ulikuwa laini. Mtu aliyetaka sababu ya kumchukua angeipata hapo hapo: “Tazama, tope halimsumbui.” Ndiyo maana fomu haisomwi kwa mstari mmoja. Uwanja laini wa mwezi Juni na uwanja wa Oktoba ulioshiba mvua huandikwa kwa maneno yanayokaribiana, ila miguu ya farasi inajua tofauti. Tena, urefu wa farasi 10 dhidi ya nani? Mwaka 2020 Trueshan hakuwemo.

Trueshan alishinda kwa zaidi ya urefu wa farasi wanne, Stradivarius akawa wa pili. Aliyembetia Trueshan amekula. Je, alibeti vizuri? Hatujui bado. Mvua ilionekana na kila mtu, kwa hiyo odi yake haikuwa ya kumtajirisha mtu. Tuseme wewe ulikadiria kwamba ana nafasi ya asilimia 50, ukampata kwa odi ya 1.80, yaani ukishinda unarudishiwa dau lako mara 1.80. Beti kama hiyo ukiirudia mara 100 kwa shilingi 1,000, utashinda mara 50 na kurudishiwa 90,000 kwa 100,000 ulizotoa. Umeshinda Jumamosi, lakini ulinunua kitu kwa bei ya juu kuliko thamani yake. Kwenye daftari beti hiyo inastahili alama nyekundu ingawa pesa imeingia. Wengi hawataki kusikia hili, na ndiyo maana wanairudia.

Odi ni bei

Kabla ya kwenda Jumapili inabidi tuelewane kuhusu odi, kwa sababu tathmini yote inasimama juu yake. Waingereza huziandika kwa mtindo wao: 3/1, yaani kwa kila shilingi moja unapata faida ya tatu. Sisi tumezoea desimali, ambayo inajumlisha na dau lako, kwa hiyo 3/1 ni 4.00 na 1/2 ni 1.50. Ukigawa 1 kwa odi ya desimali unapata nafasi ambayo odi hiyo inadai farasi anayo: 4.00 ni asilimia 25, 10.00 ni asilimia 10.

Sasa chukua mbio za farasi watano wenye odi 2.50, 4.00, 5.00, 8.00 na 10.00. Zigeuze kuwa asilimia: 40, 25, 20, 12.5 na 10. Jumla yake ni 107.5. Lakini nafasi za farasi wote haziwezi kuzidi 100, maana lazima mmoja ashinde. Zile 7.5 za ziada ndizo mshahara wa kampuni. Kila odi ya mbio hizo imepunguzwa kidogo chini ya haki yake, na asiyejua lolote akisambaza pesa zake kwa farasi wote kwa uwiano wa odi zao atapoteza karibu asilimia 7 ya alichoweka, awe na bahati au asiwe nayo.

Ufaransa wana utaratibu mwingine. Huko pesa za wabashiri huingia kwenye chungu kimoja, mwendeshaji anakata sehemu yake kwanza, na kinachobaki wanagawana waliopatia. Odi unayoiona mchana ni makadirio tu. Ya mwisho inajulikana dirisha likishafungwa. Kwa hiyo kwenye chungu hubishani na kampuni, unabishana na wabashiri wenzako, na kadiri wengi wanavyofikiri kama wewe ndivyo malipo yanavyopungua.

Jumapili: farasi wa odi 73

Waliopewa nafasi kubwa kwenye Arc ya 2021 walikuwa na wasifu wa kutisha. Adayar alikuwa mshindi wa Derby ya Epsom, mbio maarufu za Uingereza. Hurricane Lane, wa zizi hilo hilo la Charlie Appleby, alikuwa amebeba mbio kubwa tatu, Derby ya Ireland, Grand Prix de Paris na St Leger, ndani ya majira moja ya kiangazi. Tarnawa, farasi jike wa mkufunzi Dermot Weld, alikuwa amevuka Atlantiki mwaka uliotangulia na kushinda Breeders' Cup Turf. Snowfall alikuwa ameshinda Oaks, mbio za farasi jike, kwa urefu wa farasi 16. Kutoka Japani walikuja Chrono Genesis na Deep Bond.

Mshindi akawa Torquator Tasso, farasi wa Kijerumani wa mkufunzi Marcel Weiss, aliyepandwa na René Piechulek. Odi yake ilitangazwa 72/1, yaani 73.00 kwa desimali yetu. Soko lilikuwa limempa nafasi isiyofika asilimia moja na nusu.

Mita 400 za mwisho zinafaa kutazamwa zaidi ya mara moja. Adayar anaingia sehemu ya mwisho ya uwanja akiwa mbele. Hurricane Lane na Tarnawa wanamfikia, wanaanza kugombana wao kwa wao, na kamera inawafuata hao kwa sababu ndio watu walikuja kuwaona. Kisha nje kabisa, mbali na ugomvi, anatokea farasi anayepiga hatua zile zile bila kuchoka. Hakuongeza kasi sana. Wenzake ndio waliopungua. Alimpita Tarnawa akamshinda kwa robo tatu ya urefu. Muda wake ulikuwa kama dakika 2 na sekunde 37. Mwaka 2011, ardhi ikiwa kavu, Danedream alizimaliza mita zile zile hapo hapo Longchamp kwa dakika 2 sekunde 24.49. Sekunde 13 katika mbio za aina hii ni pengo la kutisha, na lenyewe linakueleza kwamba mchezo wa siku ile haukuwa wa kasi bali wa kuvumilia tope.

Swali la Jumatatu: je, kulikuwa na namna ya kumwona kabla?

Ilikuwepo, na hii ndiyo sehemu tamu ya kazi. Julai 2020 Torquator Tasso alikuwa wa pili kwenye Derby ya Ujerumani kule Hamburg. Aliyemshinda ni In Swoop. Miezi mitatu baadaye In Swoop alikwenda Longchamp kwenye Arc ya 2020, uwanja ukiwa mzito kwa mvua, akawa wa pili, akizidiwa kwa shingo tu na Sottsass. Kwa hiyo aliyemkaribia In Swoop Hamburg alikuwa na undugu wa fomu na aliyekaribia kushinda Arc kwenye tope. Si undugu wa fomu tu: wote wawili ni watoto wa dume mmoja, Adlerflug, ambaye uzao wake ulijulikana kwa kupenda ardhi laini. Ongeza kwamba Septemba 2021 Torquator Tasso alikuwa ameshinda Grosser Preis von Baden, mbio za daraja la juu kabisa Ujerumani, na kwamba Wajerumani walishaitwaa Arc mara mbili, Star Appeal mwaka 1975 kwa odi ya 119/1 na huyo Danedream.

Hapa tuwe waangalifu. Kusema “ilikuwa wazi” baada ya mbio ni ugonjwa wa wabashiri wote duniani. Haikuwa wazi. Kwa ushahidi huo mtu mwenye kichwa baridi angesema farasi huyu ana nafasi ya asilimia 4 au 5, hakuna zaidi. Lakini odi ya 73.00 inadai asilimia 1.4. Pengo kati ya namba hizo mbili ndilo lingempa mtu sababu ya kubeti, huku akijua kabisa kwamba mara 95 katika 100 angepoteza. Ndio ugumu wa kazi hii: beti nzuri kuliko zote za wikendi ilikuwa ni beti ambayo mwenye kuiweka alipaswa kutarajia kuipoteza.

Daftari la mistari mitatu

Mapitio hayawezekani kama hukuandika kabla. Kichwa cha mtu kikishajua matokeo kinabadilisha kumbukumbu bila kuomba ruhusa, na kufikia Jumatatu utaapa kwamba ulimshuku Deep Bond tangu mwanzo. Andika farasi, odi uliyoichukua, na sababu, kabla ya mbio. Inatosha. Tuseme mtu aliandika hivi Jumapili asubuhi:

“Tarnawa, 4.50. Oktoba 2020 alishinda Prix de l'Opéra hapa hapa kwenye tope. Ana kasi ya mwisho. Mpandaji wake, Soumillon, anaujua uwanja.”

“Hurricane Lane, 4.00. Mshindi wa St Leger, pumzi ipo. Hakuna wa kumchosha.”

“Deep Bond, 15.00. Mwezi uliopita ameshinda Prix Foy, Longchamp hii hii.”

Beti zote tatu zimepotea. Tarnawa wa pili, Hurricane Lane wa tatu, Deep Bond wa mwisho, nafasi ya 14 kati ya 14. Kwa salio, zote ni sawa. Kwa daftari, haziko sawa hata kidogo.

Sababu za Tarnawa zilisimama moja baada ya nyingine. Tope halikumsumbua, kasi ya mwisho ilikuwepo, alipandwa vizuri, na alizidiwa na farasi mmoja ambaye dunia nzima haikumtarajia. Ukiona mstari wa namna hii usibadilishe chochote. Watu wengi hapa ndipo wanapoharibu: wanajiadhibu kwa beti nzuri, wiki inayofuata wanakwepa farasi wa aina hiyo hiyo, naye anashinda.

Kwa Hurricane Lane jambo lina pande mbili. Pumzi alikuwa nayo kweli, lakini St Leger ni mbio ndefu na ngumu, na ilikimbiwa wiki tatu tu kabla. Hakuna farasi aliyewahi kushinda St Leger na Arc ndani ya mwaka mmoja. Mimi siupi uzito mkubwa utamaduni wa “haijawahi kutokea”, kwa sababu waliojaribu ni wachache na historia ya mbio imejaa vitu ambavyo havijawahi kutokea mpaka vilipotokea. Ila uchovu ni jambo la mwili, si la historia, na kwenye daftari halikuandikwa. Umaliziaji wake haukuwa wa aibu hata kidogo. Alama ya kuuliza, basi.

Deep Bond ni kosa la kweli. Sababu iliyoandikwa ni ya kweli, alishinda Prix Foy Septemba ile, lakini ilikuwa nusu ya habari. Alikimbia dhidi ya farasi wachache, akashika uongozi mapema bila kusumbuliwa, akaendesha mbio kwa mwendo alioutaka mwenyewe, juu ya ardhi isiyo na tope. Siku ya Arc hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichokuwepo. “Ameshinda hapa hapa” ni sentensi inayovutia sana kwenye karatasi ya fomu, na mara nyingi inaficha kwamba uwanja ule ule si ardhi ile ile. Hata kama angeshinda kwa muujiza, beti hii ingebaki na alama nyekundu.

Utaona kwamba katika kukagua mistari hii mitatu sikutumia neno “bahati” mpaka sababu zote zilipokwisha kukaguliwa. Ukianza na bahati hutajifunza kitu, maana inaeleza kila jambo.

Bei ya mwisho inasema nini

Kuna kipimo kingine ambacho wabashiri wa muda mrefu wa Uingereza hukiamini kuliko salio: odi uliyoichukua ukilinganisha na odi ya mwisho kabla lango halijafunguka. Dakika za mwisho ndipo pesa za watu wenye habari na hesabu huingia, kwa hiyo odi ya mwisho ndiyo makadirio bora ya soko zima. Ukichukua 8.00 asubuhi na farasi akaanza mbio akiwa 5.00, maana yake uliona mapema kitu ambacho wengine walikuja kukiona baadaye. Akipoteza, beti yako ilikuwa bado nzuri. Ukichukua 5.00 na akaanza akiwa 8.00, kuna jambo ulilikosa, hata kama alishinda.

Kipimo hiki kina faida moja kubwa: kinajaza daftari haraka. Ushindi ni mchache, unaweza kusubiri miezi ili upate wa kutosha kuhesabu. Odi ya mwisho unayo kwa kila beti, iliyoshinda na iliyoshindwa. Mtu ambaye kwenye beti 40 amepata bei bora kuliko ya mwisho mara 30 ana ushahidi mzuri kuliko yule aliyekula mkeka mmoja mnene. Kwenye vyungu vya Ufaransa hakifanyi kazi, kwa kuwa kila mtu hulipwa kwa bei moja, ile ya mwisho.

Kwa nini wikendi moja haitoshi

Chukua watu wawili. Mmoja ni fundi kweli: kila farasi anayemchukua kwa odi ya 10.00 ana nafasi halisi ya asilimia 12, kwa hiyo kwa muda mrefu atapata faida nono. Mwingine anabahatisha: farasi wake wa odi ya 10.00 wana nafasi ya asilimia 9, na kwa muda mrefu ataliwa. Kila mmoja anaweka beti 10 wikendi hii. Uwezekano wa fundi kukosa zote 10 ni karibu asilimia 28. Wa yule mwingine ni karibu asilimia 39.

Zitazame namba hizo tena. Fundi atatoka mikono mitupu zaidi ya wikendi moja katika nne, na mbahatishaji atapata angalau ushindi mmoja katika wikendi sita kati ya kumi. Ukiwakuta Jumatatu kijiweni huwezi kuwatofautisha. Hata baada ya mwezi itakuwa vigumu. Ndiyo maana nasema daftari la sababu na bei ndilo linalosema jambo mapema. Salio husema kweli pia, lakini hukawia, na likija kusema huenda mtaji umeshakwisha.

Mikeka huzidisha tatizo. Ukiunganisha mbio tano kwenye mkeka mmoja, na kila moja kampuni imekata asilimia 7, unabaki na 0.93 iliyozidishwa mara tano, yaani takriban 0.70. Kampuni imeshachukua asilimia 30 ya thamani ya dau lako kabla farasi wa kwanza hajakimbia. Tena mkeka unaua mapitio. Farasi wanne wamepatia, wa tano kateleza, na unachokumbuka ni huyo wa tano tu, wakati huenda yeye ndiye aliyechaguliwa kwa sababu nzuri na wengine wanne walikuwa ni wale “wa uhakika” wa odi ndogo waliobanwa bei.

Kutazama mbio upya

Namba za fomu hazionyeshi kila kitu. Karatasi itakuambia farasi alikuwa wa saba, haitakuambia kwamba alifungiwa kwenye ukingo mita 300 za mwisho bila njia ya kutoka. Kwenye mbio za kuruka viunzi za Uingereza utakuta herufi badala ya namba: F aliyeanguka, U aliyemwangusha mpandaji, P aliyesimamishwa njiani. F ya farasi aliyekuwa akiongoza na F ya farasi aliyekuwa hoi zinafanana kwenye karatasi. Kwa hiyo anayepitia wikendi kwa dhati hutazama video, na hamtazami mshindi. Anamtazama aliyekuwa wa nne.

Mwendo wa mbio nao utafute. Wakianza polepole, aliye mbele ana faida kubwa, na anayetoka nyuma hata akiwa bora huenda asifike. Wakianza kwa fujo, waliokimbizana mbele watakwisha na mzembe wa nyuma ataonekana shujaa. Farasi aliyemaliza wa tano akipambana na mwendo usiomfaa mara nyingi ndiye wa kumwandika kwa wiki ijayo, na odi yake itakuwa bado kubwa kwa sababu karatasi inasema “5”.

Uzito pia. Kwenye Arc, farasi dume wa miaka minne na kuendelea hubeba kilo 59.5, wa miaka mitatu hubeba 56.5, na jike hupunguziwa kilo moja na nusu. Torquator Tasso alibeba uzito wa juu kabisa kwenye tope. Ushindi wake ulikuwa mkubwa kuliko robo tatu ya urefu inavyoonekana.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki, mbio halisi zilizo karibu ni za uwanja wa Ngong, Nairobi, chini ya Jockey Club of Kenya. Farasi wa pale si wengi na hukutana wao kwa wao mara kwa mara, jambo ambalo kwa msoma fomu ni neema: mnyororo wa “huyu alimshinda yule” ni mfupi na unakagulika. Zile mbio za farasi za kompyuta kwenye skrini za vibanda vya kubeti, zinazoanza kila baada ya dakika chache, ni kitu kingine kabisa. Pale hakuna farasi, hakuna mvua, hakuna mkufunzi. Programu inachagua namba nasibu na kuichorea picha. Nimeona watu wakiandika matokeo yake kwenye karatasi kutafuta mpangilio. Hakuna fomu ya kusoma humo, kwa hiyo hakuna cha kupitia isipokuwa kiasi kilichotoka mfukoni.

Jambo la mwisho kuhusu wikendi ile ya Paris: mapitio yake hayakukamilika Jumatatu iliyofuata. Agosti 2021, wiki nane kabla ya Arc, Torquator Tasso alikuwa amekimbia Berlin akashindwa na farasi jike wa Kiingereza aitwaye Alpinista. Siku ile ilionekana ni doa kwenye wasifu wake, na bila shaka ilichangia kuipandisha ile odi. Oktoba 2022 Alpinista alikwenda Longchamp, mvua ikanyesha tena, akashinda Arc. Torquator Tasso, safari hii akiwa na Dettori mgongoni na odi ndogo mno kuliko 73.00, akawa wa tatu. Lile doa la Berlin likawa, mwaka mmoja baadaye, moja ya matokeo mazuri kwenye karatasi yake. Daftari la 2021 bado lina nafasi pembeni ya mstari huo ya kuandika hivyo.